Gemu Imechukua Saa ya Nani? Michezo ya Kompyuta katika Maisha ya Kila Siku Arusha na Meru

Mada kwa semina ya wazazi, walimu na viongozi wa mitaa na vijiji



Nimeombwa nieleze jinsi uchezaji wa gemu za kompyuta unavyogusa maisha ya kila siku hapa jijini Arusha na katika vijiji vya Mlima Meru. Nitoe msimamo wangu mapema, ili asiyekubaliana nami aanze kuandika maswali yake. Kila saa ambayo mtu anaitumia kwenye gemu imetolewa mahali fulani: kwenye usingizi, kwenye daftari, kwenye kazi za nyumbani, kwenye chandimu, au kwenye kukaa bure kijiweni. Ukijua saa ile imetolewa wapi, utajua kama gemu inamjenga au inambomoa anayeicheza. Mzazi anayeuliza tu kama mwanawe anacheza gemu hajafika kwenye swali lenyewe.

Wapo wanaoona kwamba hili ni balaa jipya lililoletwa na umeme. Lakini wazee wetu wamecheza bao, mashimo 32 na kete 64, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kulipenda. Wamaasai wana enkeshui, mchezo wa ukoo huo huo. Pita kijiwe chochote leo utakuta watu wazima wameinamia drafti ya vizibo vya soda tangu asubuhi. Mchezo kuteka akili ya mtu ni jambo la kale. Ila drafti huisha giza likiingia, wakati gemu iliyo ndani ya simu inachezeka hata saa nane za usiku, chini ya blanketi, na hakuna wa kumwambia mchezaji kwamba wenzake wameshaondoka.

Ndani ya banda

Tuanze na banda, maana wengi wetu tunalilaani bila kuwahi kukaa humo. Ngarenaro, Kaloleni, Unga Limited au Sakina, banda la gemu ni fremu moja ya biashara, mara nyingi jirani na kinyozi. Pazia zito limening'inia mlangoni ili jua lisififishe picha. Ndani kuna runinga mbili au tatu, benchi la mbao, PlayStation iliyopita mikono mingi, na pedi ambazo vitufe vyake vimelika mpaka alama hazisomeki. Mchezo wenyewe karibu kila mara ni mpira: FIFA, ambayo tangu 2023 inauzwa kwa jina la EA Sports FC ingawa vijana hawajaliacha jina la zamani, au PES, ambayo tangu 2021 inaitwa eFootball. Malipo ni kwa mechi, hela ndogo ambayo mtoto anaweza kuibana kwenye fedha ya chakula cha shuleni. Mwenye banda ana luku ya kununua na kodi ya fremu ya kulipa, kwa hiyo runinga ikikaa bila mchezaji anaona hasara.

Nimekaa kwenye benchi hilo. Mvulana wa shule ya msingi alikuwa amekwisha kufungwa mabao matatu, dakika zinayoyoma, na nyuma yake kundi zima linamwelekeza ampasie nani. Hakununa wala hakutupa pedi. Mechi ilipokwisha alimpisha mwingine, akageuka kumweleza mdogo wake kwa nini beki wa kulia alichelewa kurudi. Maneno ya Kiingereza yaliyojaa kwenye skrini, ambayo darasani yangemtoa jasho, aliyapita bila kusita kwa sababu alikuwa anayahitaji. Kusubiri zamu, kukubali kufungwa mbele za watu, kufikiri haraka na kisha kulieleza kosa lako kwa maneno: mwalimu yeyote angefurahi kuyaona hayo darasani kwake.

Ubaya wa banda nauona kwenye saa. Sare ya shule ndani ya banda saa nne asubuhi ni utoro, na anayeipokea hela ya mtoto huyo anajua anachofanya. Hapo sina huruma na mwenye banda hata kidogo.

Lakini tujiulize kwa nini watoto wanajaa humo baada ya masomo. Viwanja vingi tulivyochezea chandimu vimegeuka nyumba, maduka na maegesho. Jiji letu linajengewa uwanja mkubwa kwa ajili ya AFCON ya 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zitaiandaa kwa pamoja, nami naufurahia kama ninyi. Uwanja huo hautampa mtoto wa Unga Limited mahali pa kupiga mpira saa kumi jioni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na kumfukuza bandani bila kumwonyesha pa kukimbilia hakumpi hata dakika moja kati ya hizo.

Kuna jambo jingine ambalo hatulitaji. Angalia nani hayumo bandani. Wasichana ni wachache mno. Kijana akishinda kwenye PlayStation, maji aliyotakiwa kuchota na vyombo alivyotakiwa kuosha havikai vinamsubiri. Dada yake ndiye anayezifanya kazi hizo. Saa zile zimetoka kwa dada, naye analipa bila kucheza. Wala hili halitokani na wasichana kutoipenda gemu. Jirani zetu Kenya wana Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la Queen Arrow, mchezaji wa Tekken ambaye mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya Marekani iitwayo UYU, akawa Mkenya wa kwanza kusajiliwa na timu ya kimataifa ya michezo hiyo. Alipata nafasi ya kushika pedi, basi.

Simu mlimani

Ukipanda kuelekea Poli, Akeri au Nkoaranga, mabanda yanapungua na mambo yanabadilika. Huko gemu iko kwenye simu ya mama au ya kaka: Free Fire, eFootball, na nyingine ndogo ndogo zisizohitaji bando. Kinacholiwa na gemu huko ni vitu vinavyoonekana kwa macho. Ng'ombe wa maziwa anafugwa zizini, majani yake yanakatwa na kubebwa jioni, na asipolishwa vizuri maziwa ya kesho yanapungua. Bando alilonunua mama ili awasiliane na mnunuzi wa ndizi wa Tengeru linakwisha kabla hajapiga simu. Chaji nayo imeisha, na umeme ukikatika usiku huo basi tena.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wazazi wengi. Tunaliogopa banda kwa sababu tunaliona, tukampa mtoto simu ili atulie nyumbani, tukadhani tumemwokoa. Mimi naiogopa simu ya chini ya blanketi kuliko banda. Bandani kuna mtu mzima, kuna wenzake, na kuna saa ya kufunga. Kwenye blanketi mtoto yuko peke yake na gemu iliyotengenezwa na watu hodari ili asiiache, na kesho yake tunamwona dawatini amelala wakati wa hesabu.

Korea Kusini wamelipitia hili. Mwaka 2011 walitunga sheria ya kuwazuia watoto wa chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kwenye kompyuta tangu saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri. Simu hazikuguswa, na watoto wakahamia kwenye simu. Mwaka 2021 serikali ikaamua kuifuta sheria hiyo. China nao mwaka huo huo walikaza zaidi: wenye umri chini ya miaka 18 saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sisi hatuna mitambo ya kusimamia amri ya namna hiyo, na hata tungekuwa nayo ningependelea mzazi ndiye aijue saa ya mwanawe.

Je, ni ugonjwa?

Shirika la Afya Duniani limeliingiza tatizo la uchezaji gemu katika orodha yake ya magonjwa, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Tusome masharti yake kabla ya kuwabandika watoto wetu jina la wagonjwa. Mtu awe ameshindwa kujizuia, gemu iwe imetangulia mbele ya mambo mengine yote ya maisha yake, na aendelee kucheza ingawa anaona madhara. Na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Anayepiga kelele akinyang'anywa simu siku moja hajafika huko.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa mwaka 2022 matokeo ya kuwafuatilia wachezaji karibu 39,000 wa gemu saba kwa wiki sita, wakitumia kumbukumbu za muda halisi wa kucheza zilizotoka kwa kampuni zenyewe. Hawakuona kwamba wingi wa saa peke yake unaibadilisha furaha ya mtu kwa kiasi cha maana. Wachezaji wale walikuwa watu wazima, kwa hiyo matokeo hayo tusiyavike watoto wetu. Yanatusaidia kwa vijana wakubwa, na katika mji wa utalii kama huu wapo wengi. Aprili na Mei, mvua za masika zinapopunguza wageni, waongoza watalii na wapagazi wanabaki nyumbani bila safari. Kijana wa aina hiyo akicheza gemu mchana na wenzake, saa zile amezitoa kwenye kukosa kazi. Sioni haja ya kumsema. Akiwa ameoa, na mke anabeba mtoto, kuni na ndoo huku yeye anamalizia ligi, basi asemwe, na asemwe na wazee wa ukoo wake.

Pale mchezo unapogeuka kamari

Nimeahirisha kwa makusudi jambo linalonitisha kuliko yote. Katika mabanda mengi anayefungwa ndiye anayelipia mechi. Inaonekana ni utani wa vijana. Lakini mtoto anazoea kwamba mchezo bila hela hauna ladha, na hatua chache kutoka hapo kuna dubwi linalomeza sarafu na kuna mikeka ya kubeti. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, imemkataza mwenye umri chini ya miaka 18 kuyagusa hayo. Dubwi likiwekwa fremu moja na PlayStation, katazo hilo limebaki kwenye karatasi.

Hata ndani ya gemu zenyewe kamari imejificha. Zipo zinazomuuzia mchezaji pakiti ambayo hajui ina nini, akitumaini atatoka mchezaji nyota. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua kwamba huo ni mchezo wa kubahatisha, na Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza huko pointi za FIFA za kununulia pakiti hizo. Mzazi ambaye simu yake ina akaunti ya pesa na namba ya siri inayojulikana na mtoto, alikumbuke hili leo hii.

Tusisahau upande wa pili, ule wa faida ya gemu. Vijijini Tanga, katika shindano la Global Learning XPRIZE lililofikia tamati Mei 2019, watoto wapatao 2,700 wa vijiji 170 walipewa tableti zenye michezo ya kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili walipoanza. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Wengi wao walikuwa hawajawahi kwenda shule, kwa hiyo saa zile hazikuchukuliwa darasani. Nasi hapa tuna Chuo cha Ufundi Arusha na Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru. Kijana anayeijua gemu nje ndani apelekwe akaone inavyotengenezwa, kabla hatujamwambia anapoteza muda.

Ninachowaomba

Wenyeviti wa mitaa, kaeni na wenye mabanda mkubaliane kwa maandishi: hakuna sare ya shule kabla ya masomo kwisha, hakuna dubwi fremu hiyo hiyo, mlipaji asiwe aliyefungwa, na siku moja ya wiki iwe ya wasichana. Kipande chochote cha ardhi ya mtaa ambacho bado ni wazi kilindwe kibaki kiwanja. Walimu, mtoto akilala darasani tumuulize kwanza alilala saa ngapi na simu ilikuwa wapi.

Na wewe mzazi, kabla ya kupiga marufuku chochote, mwombe mwanao akufundishe gemu yake. Kaa naye, ufungwe mabao, uone inavyochezwa na inadai nini kwake. Kisha simu zote za nyumba zilale chumbani kwako, pamoja na ya kwako.