Uzi wa Mlowo na Sweta za Watoto Wetu

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kikundi cha wafumaji katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu)



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema baada ya mabwana wa hesabu. Sisi hatukuja na habari za magunia wala za bei ya mnadani. Tumekuja na habari za uzi. Wapo watakaouliza uzi wahusu nini mkutano wa kahawa. Na wakumbuke kwamba katika wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, duka lililokuja kuwa mfano kwa vyama vya ushirika duniani, walikuwamo wafumaji wa nguo za sufu. Basi tusionekane wageni hapa.

Baridi ya Mbozi haina mzaha, nanyi mwaijua. Mwezi wa Juni na wa Julai mtoto huenda shuleni alfajiri amekunja mikono kwapani. Na miezi hiyo hiyo ndiyo tunayochuma kahawa: fedha ya baba yake ingali mtini, au imeanikwa juu ya chanja. Baridi huwahi kufika kuliko malipo. Mitumba ipo sokoni, lakini kuipata rangi ya shule katika rundo lile ni bahati. Hapo ndipo sisi kina mama tulipoiona kazi yetu.

Nyuzi twanunua Mlowo, katika duka dogo lililo karibu na barabara kuu iendayo Tunduma. Malori ya Zambia hupita yakitikisa kuta, na mama mwenye duka hanyanyui hata macho. Ametuwekea benchi, na twakaa hapo na sindano zetu, tukifuma huku tukichagua, maana uzi haununuliwi kwa macho peke yake. Twaupitisha shavuni, kama wakwaruza shavu la mtu mzima, utakwaruza shingo ya mtoto. Tena twakata kipande kifupi na kukiunguza nje ya mlango. Sufu ya kondoo hunuka kama nywele zilizoungua, ikawa jivu la kupondeka. Uzi wa kiwandani wa akriliki huyeyuka ukawa punje ngumu. Huo wa pili ni rahisi kwa bei na kwa kufua, nasi twautumia mara nyingi. Lakini mtoto aliyeuvaa asikae karibu mno na moto wa jikoni, kwa kuwa ukiyeyuka hugandamana na ngozi.

Sasa twasema la aibu yetu. Mwaka juzi tulipokea agizo la sweta za shule, na fedha tuliyokuwa nayo ilitosha nusu ya uzi tu. Tukanunua nusu, tukafuma vifua na migongo. Baada ya wiki tatu tukarudi kununua uzi wa mikono, rangi ile ile, jina lile lile. Nyumbani kwa mwanga wa taa hatukuona kasoro. Siku ya kupeleka, juani katika uwanja wa shule, mikono ilikuwa ya rangi moja na kifua cha nyingine! Mama mwenye duka ndiye aliyetuonyesha kosa: karatasi ya bonge ina namba ya rangi, na pengine namba ya pili, ya mkupuo mmoja wa kutiwa rangi. Namba hii ya pili ikitofautiana, rangi yaweza kutofautiana. Nanyi mwalijua jambo hili kwa njia yenu: kahawa iliyochachushwa kupita kiasi ikimwagwa katika njema, huonja gunia zima.

Tulifumua mikono yote. Uzi tukaufua, tukautundika na uzito chini ili unyooke, ukawa kofia na soksi za watoto wachanga. Sweta zikakamilika baridi imekwisha, na deni likabaki kwetu hadi Desemba.

Ndugu zetu, kosa lile lilitokana na macho yetu, lakini lilianza kwa kununua nusu. Kwa hiyo twaomba jambo moja. Mwezi wa Machi, wazazi wanaotaka sweta waandike majina katika vyama vyao vya msingi, na Chama Kikuu kitukopeshe fedha ya uzi wote kwa mara moja. Kila mzazi atie sahihi kwamba bei ya sweta yake ikatwe katika malipo ya kahawa. Mjumbe mmoja alitujibu kwamba kahawa si dhamana ya nguo. Twamheshimu, ila hatukubaliani naye. Mbolea hukatwa humo, na dawa ya mibuni hukatwa humo. Mtoto wa mkulima hana baridi ndogo kuliko mbuni.

Daftari la kikundi, lenye deni lile na lilivyolipwa, lipo mezani kwa Katibu; alitakaye na alifungue. Na kwa kuwa wengi mmekuja na watoto, tumeleta utepe wa kupimia. Tutakaa pale kando ya mizani ya kahawa hadi saa kumi. Twapima kifua, urefu wa mkono, na urefu wa mgongo, na twaongeza vidole viwili, kwa sababu mtoto aliyepimwa leo atakuwa amekua kabla ya Juni.