Tumbo Limejaa, Ng'ombe Ana Njaa



Kiangazi kilichopita mzee mmoja aliniita nyumbani kwake. Akasema, "Bwana Mifugo, ng'ombe wangu wanashinda kwenye mabua ya mahindi. Tumbo limejaa, lakini mbavu nazihesabu. Je, wamerogwa?" Hawakurogwa. Walikuwa na njaa huku tumbo limejaa. Leo nawaeleza sababu yake.

Mabua na majani makavu yamejengwa kwa nyuzi ngumu ziitwazo selulosi. Ng'ombe mwenyewe hawezi kuziyeyusha, kama mimi na wewe tusivyoweza. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambao wamejaa katika lile tumbo lake kubwa la kwanza. Kwa hiyo ukimlisha ng'ombe, kwanza unawalisha hao.

Wanafanyaje kazi? Mwaka 1983 wataalamu Edward Bayer na Raphael Lamed walieleza chombo cha ajabu walichokikuta kwa bakteria mmoja apendaye joto kali. Baadaye chombo cha namna hiyo kilionekana pia kwa bakteria wa tumbo la ng'ombe. Fikirini mpini mrefu wa protini wenye matundu kadhaa. Kila tundu limechomekwa kimeng'enya, yaani kikata nyuzi. Kimoja hukata uzi katikati, kingine huung'ata kuanzia nchani. Sehemu nyingine hulishika bua lisiponyoke.

Na havichomekwi ovyo. Mkia wa jembe huingia katika tundu la mpini uliochongwa kwa ajili yake. Vivyo hivyo kila kimeng'enya kina mkia wenye umbo la tundu lake. Mkia wa bakteria wa aina moja kwa kawaida haukubali tundu la aina nyingine.

Sasa sikilizeni vizuri. Mpini ni protini, na vikata nyuzi ni protini. Protini haifanyiki bila naitrojeni, na mabua makavu yana naitrojeni kidogo mno. Bakteria asiye na naitrojeni ni mhunzi asiye na chuma. Mabua hukaa tumboni siku nyingi, na ng'ombe hana nafasi ya kula tena. Hilo ndilo lililompata yule mzee.

Basi tufanye nini?

Kwanza, pamoja na mabua mpe ng'ombe chakula chenye protini: mashudu ya pamba, majani ya lukina, au majani ya kunde na viazi vitamu. Anza na mashudu nusu kilo kwa siku, uongeze polepole mpaka kilo moja.

Pili, usimjaze mahindi ya punje au pumba nyingi kwa ghafla. Tumbo huwa chachu, na bakteria hawa hushindwa kazi. Ng'ombe mwenyewe anaweza kufa.

Tatu, kata mabua mara baada ya kuvuna, uyahifadhi mahali pakavu. Na mbolea ya urea usimpe ng'ombe kwa kukisia, ni sumu ikizidi. Mwulize kwanza Bwana Mifugo wako.

Yule mzee alianza na mashudu. Nilipopita tena, ng'ombe wake walikuwa wakila mabua mengi kuliko mwanzo, na kinyesi kimelainika. Mabua ni yale yale. Wafanyakazi wa tumboni ndio waliopata zana.

Kwa leo tuishie hapa. Kwaherini, na kazi njema.