Funga Hesabu na Nafsi Yako



Magharibi bado, chai hamna, sigara hamna. Mdogo wako akikugusa tu, wamfokea. Kisha wasema, "Ni saumu hiyo." La! Saumu haikuleta hasira. Imeondoa kilichokuwa kikiifunika.

Huko Baghdad aliishi mwanachuoni Al-Harith, aliyefariki mwaka 857. Watu walimwita Al-Muhasibi kwa kuihesabu nafsi yake. Imamu Ghazali naye, mwaka 1095, aliacha kusomesha katika Nidhamiya ya mji huohuo, alipojihoji akaona nia yake ilikuwa cheo na sifa. Mwalimu wa mamia yule! Sisi je?

Basi leo baada ya tarawehe, keti peke yako kama mwenye duka na daftari lake. Jiulize: nilimkasirikia nani? Kitu gani hasa kiliniuma: njaa, wivu, au kudharauliwa? Nani nimtake radhi kabla ya daku? Usijilaani, wala usijitetee, andika ukweli. Ukilijua donda, ndipo utajua dawa ya kumuomba Mola wako.

Wabillahi tawfiq.