Sufuria ya Jioni na Moyo wa Mfanyakazi
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Habari za mishahara mmekwisha kuzisikia. Sisi watu wa zamu ya usiku tumeomba nafasi ndogo tuseme habari ya sufuria. Msicheke, maana jambo hili lilikuwa karibu kutupotezea mwenzetu.

Kazi yake ni kugeuza njia za treni yadini. Alikwenda kwao kumzika mama yake, akarudi, akashika kazi kama kawaida. Lakini jiko lake halikuwashwa tena. Alikula mkate akiwa amesimama, akanywa chai kali alfajiri, kisha akajilaza mchana kutwa asipate usingizi. Usiku mmoja nusura ayafungulie mabehewa njia ambayo watu walikuwa wakiitengeneza. Mwenzake alipiga kelele kwa bahati.

Wengine wetu tulitaka kumkemea. Mzee mmoja wa zamu yetu akasema, "Huyu hana haja ya maneno. Ana njaa ya watu." Basi tukaenda chumbani kwake na maharagwe, tukampa sinia achambue. Hatukumwuliza neno. Tukayaloweka, na kesho yake yakaiva upesi bila kumaliza makaa. Siku ya tatu, mwiko wa ugali ukiwa mkononi mwake, alianza kutueleza habari za mama yake, akalia sana. Tangu hapo twapika pamoja, kila mtu na siku yake.

Ndugu, upweke huu si mgeni. Wakati wa ukoloni wazee wetu wa reli walikaa katika landi za Muthurwa, Nairobi, wengi wao wake na watoto wamebaki mashambani. Hata leo wengi wetu twaishi hivyo hivyo. Mtu asiyengojewa na mtu hana saa ya kula wala ya kulala, na moyo usio na saa hupotea njia.

Kwa hiyo tumejiwekea taratibu ndogo. Tukitoka zamu twaoga, twanywa uji wa wimbi, chai kali twaiacha. Twatundika blanketi dirishani ili chumba kiwe na giza. Tukiamka twafagia, twaota jua kidogo, kisha twakata sukuma wiki na kuwasha jiko. Anayekosa kufika hupelekewa sahani yake, na anayempelekea hukaa naye mpaka amalize.

Hatusemi kwamba sufuria ni dawa ya kila kitu. Mwenzetu akikosa usingizi wiki nyingi, au akianza kusema afadhali afe, tusimwache peke yake. Tumsindikize hospitali siku ile ile. Wala hatusemi sufuria ni badala ya mshahara, maana sufuria tupu haimtulizi mtu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yatupa siku 1 ya mapumziko, au zaidi, katika kila siku 7. Twaomba chama kiilinde siku hiyo kwa nguvu zote. Na sisi wenyewe tusiimalize yote kilabuni. Leo jioni kila mmoja amtazame jirani yake: kama jiko lake ni baridi, abishe hodi.