Dhahabu Ndani ya Kipimo cha Malaria

Mto Tana ukifurika kisha maji yakapungua, madimbwi hubaki kila upande wa Garsen, na mbu hawachelewi. Zahanatini, mtoto mwenye homa huchomwa kidole, tone la damu huwekwa kwenye kipimo cha haraka, matone ya maji ya dawa hufuata, na baada ya dakika 15 au 20 majibu husomwa. Mstari mmoja kwenye sehemu ya uhakiki: kipimo kimefanya kazi. Miwili: malaria imeonekana.

Wekundu wa mistari hiyo si damu. Katika vipimo vingi ni dhahabu halisi, chembe zenye upana wa nanomita 20 hadi 40 hivi, ilhali unywele mmoja wa binadamu hukaribia nanomita 80,000. Dhahabu iliyo ndogo kiasi hicho huacha umanjano wake ikawa nyekundu majini, jambo ambalo Michael Faraday alilieleza huko London mwaka 1857.

Kazi kubwa ni kuzifanya chembe hizo zishike panapotakiwa tu. Zikiwa tupu, hubeba chaji hasi, kwa hiyo husukumana na kuelea. Chumvi ikiingia, chaji hufifia. Chembe hugandana na wekundu hugeuka buluu. Ndiyo maana watengenezaji huzivika kwanza kingamwili, ambazo huishika dhahabu kwa mvutano wa chaji na kwa atomi zake za salfa, kwani dhahabu na salfa hushikana sana. Kingamwili hizo hukamata HRP2, protini ya kimelea Plasmodium falciparum. Damu ikitambaa kwenye utando, chembe zilizobeba protini hiyo hunaswa mstarini, zikarundikana hadi jicho likaona.

Lakini dhahabu hiyo hiyo haishiki kioo. Uso wa kioo umejaa oksijeni, na dhahabu haiungani nayo kwa urahisi. Ikipakwa peke yake, hubanduka. Mafundi wa elektroniki hutanguliza tabaka jembamba la titani au kromu, linaloshika oksijeni chini na dhahabu juu. Nyaya za shaba ndani ya chipu za simu nazo huwekewa tantali kwa sababu kama hiyo, na pia ili shaba isipenye pembeni.

Tukirudi kwenye kipimo, katika joto la Garsen kinachoharibika mapema si dhahabu, ni kingamwili. Kwa hiyo kipimo huhifadhiwa chini ya kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye boksi, na pakiti yake hufunguliwa mgonjwa akiwa ameshaketi, maana unyevu nao hukiharibu.