Rangi inaharibika mbele tushike pistole
Maneno tuliyosema mu mkutano wa wanachama, Bunia



Mlituomba tueleze kazi tunayofanya na feza ya likelemba, ile tuliyonunulia kompresere na pistole ya kupakia rangi. Tutaanza na makosa yetu, maana feza ile ni yenu.

Kiangazi hiki tulipokea taxi moja. Kiwanja chetu kiko pembeni ya barabara ya udongo, na sisi tulikuwa na haraka. Asubuhi tukakuta milango imejaa vipele vya vumbi, na mbele, juu ya moteri, kuko vishimo vya mviringo kama macho ya samaki. Mwenye gari akakataa kulipa. Tukakwangua yote, tukanunua rangi ingine, na marudisho ya likelemba ikachelewa. Mlikasirika, na mlikuwa na haki.

Tulisema rangi ni mbaya. Hapana, rangi ilikuwa nzuri. Kule Hoima, wakati wa ukimbizi, bosi alikuwa anapaka ndani ya chumba cha kufungwa. Sisi tulijifunza kushika pistole, hatukuuliza kile chumba ni cha nini.

Macho ya samaki yanatoka ku mafuta. Kidogo tu inatosha: vidole vya mtu aliyekula mandazi, mafuta ya kujipaka, dawa ya kung'arisha matairi. Rangi inakimbia mafuta, inaacha shimo. Sasa tunaosha gari na sabuni, halafu tunaondoa mafuta mbele ya kupiga msasa, maana msasa ikitangulia inasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Tunashika vitambaa viwili: kimoja kina dawa, kingine kikavu kinafuata mbele dawa ikauke. Bila kile cha pili, unahamisha mafuta tu. Na mazutu hapana: yenyewe ni mafuta.

Adui wa pili ni maji. Hewa ikibanwa inapata moto. Ikipoa, unyevu wake unageuka maji ndani ya tanki, zaidi wakati wa mvua. Zamani tulifungua tanki mara moja kwa juma. Sasa ni kila asubuhi na mbele ya kila gari. Kichujio cha maji hatukifungi tena palepale ku kompresere, sababu hewa ingali moto, mvuke unapita. Tunakiweka mbali, hewa ifike imepoa.

Adui wa tatu, vumbi. Tunapaka mapema, mbele motari ziamushe barabara. Tunazungusha turubai, tunamwagia chini maji kidogo, tunachuja rangi. Vumbi ikianguka juu ya rangi mbichi, usiiguse! Acha ikauke kabisa, halafu piga msasa laini wa 1500 ao 2000 na maji, ung'arishe. Ukiigusa mbichi, kipele kimoja kinakuwa kidonda.

Kuko na jambo kubwa kupita gari. Rangi nyingi za kuchanganya na dawa ya kukausha zina isosianati. Ile inaweza kumpa mtu pumu ya maisha yote. Kitambaa ku pua hakizuii, maski ya vumbi vilevile. Inaomba maski inayoletea mtu hewa safi, na hewa itembee. Watoto wasikaribie.

Bandugu, vijana wengine wanangojea mkopo wa kompresere ya pili. Tunawaunga mkono, lakini tunaomba neno moja: isinunuliwe bila kichujio cha maji na maski. Kama feza haitoshi, tungojee mchango wa mwezi unaofuata. Kungojea mwezi mmoja ni afazali kuliko kupaka gari mara mbili na kulipwa hata mara moja hapana.