Mwepu alijua sheria



Mlituomba tusiseme tena juu ya amani kama watu wanaosoma kitabu. Mlikuwa na haki. Leo tunaongea mpira.

Wazee wanamkumbuka Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe ya Lubumbashi. Machi 1974, yeye na Leopards wenzake walichukua Kombe la Afrika kule Misri. Juni wakaenda Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Scotland ikawafunga 2-0. Ndipo waliposikia kwamba pesa walizoahidiwa hazipo. Yugoslavia ikawafunga 9-0. Siku ile Mwepu alimpiga mwamuzi teke, lakini aliyefukuzwa uwanjani ni Ndaye Mulamba, ambaye hakufanya kitu!

Mwepu alieleza kwamba baadaye watu wa Mobutu waliwajia hotelini: wakifungwa na Brazil 4-0, hakuna atakayerudi nyumbani. Ikawa tarehe 22 Juni. Kuelekea mwisho, Brazil wakapewa mpira wa adhabu. Mwepu akachomoka kwenye ukuta, akaupiga mbali kabla wenyewe hawajaugusa. Kadi ya njano. Mechi ikaisha 3-0.

Dunia ilimcheka miaka na miaka, ikisema Waafrika hawa hawajui sheria. Alipoulizwa, alijibu kwamba alizijua vizuri. Alikuwa na hasira, alitaka afukuzwe, kwani haoni sababu ya kuumia wakati wengine wamekula pesa.

Sasa, viongozi, yupo baba aliyekimbia ambaye anakataa jina lake liandikwe kwenye liste. Tunasikia wakisema anaficha kitu. Labda mara ya mwisho jina lake lilisomwa na watu wenye bunduki. Na ninyi mliokimbia, yupo mwenyeji aliyewanyima shamba, nanyi mnamwita mchoyo. Labda mbegu yake iliisha kwa kulisha wageni wa kwanza. Muulizeni, tena pembeni, si mbele ya watu.

Mwepu alifariki Kinshasa mwaka 2015, na teke lile bado linaonyeshwa. Lakini tumeongea ya kutosha. Hapa wapo wazee waliosikiliza mechi ile kwa redio, tunawaachia neno.